Kifua cha Baba Kulwa

Mama Kulwa tumemzika Jumamosi, kijijini kwao ng'ambo ya Mwadui, kando ya kaburi la mama yake, kama alivyoagiza mwenyewe. Presha ilimwangusha jikoni akisonga ugali. Nilikuwa nyuma ya jiko la msibani na wanawake wenzangu, tunachambua mchele, miguu imekufa ganzi, wakati Kulwa alipokuja akachuchumaa karibu yangu. Kulwa ni mwalimu sasa, ana watoto wake, na wanafunzi wanamwogopa. Lakini akichuchumaa namna ile namwona yule yule msichana mdogo wa darasa la kwanza aliyekuwa akija chumbani kwangu kuomba sukari. "Mama mdogo," aliniambia kwa sauti ya chini, "siku baba anafariki mlikuwa watatu ndani ya nyumba. Baba hayupo, bibi hayupo. Umebaki wewe. Bibi aliingia mle chumbani kwa nini?" Nikamwambia tumalize mchele kwanza. Mchele haukuwa na haraka yoyote. Mimi ndiye niliyehitaji muda, maana mwaka ule siuingii kwa kurukia dirishani.

Na kama vile haikutosha, wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa ofisini kwetu alikuwa amenipigia simu nikiwa njiani. Hospitali yetu pale Kahama inahamia tena kwenye mfumo mpya wa namba za magonjwa, safari hii wote uko kwenye kompyuta, na mimi niliyebakiza muda mfupi kustaafu ndiye ninayeulizwa, ingawa vidole vyangu kwenye kompyuta vinakwenda kama kuku anayedonoa. "Mama, hapa imeandika haihusishi, halafu inanikatalia," alisema. Nikamjibu niko msibani, asubiri. Lakini neno lilikuwa limeshanichoma. Kuna watu hukumbuka ujana wao kwa wimbo au kwa harufu ya mafuta ya nywele. Mimi ujana wangu unarudi kwa neno hilo kavu la vitabuni, haihusishi, na likirudi linakuja na Mama Kulwa, na mume wake, na pazia la kijani lenye maua.

Tulipohamia mfumo wa kwanza sikuwa na kompyuta wala umri. Nilikuwa karani mgeni wa masijala ya hospitali, chumba kirefu chenye rafu za mbao, wavu wa dirishani uliotoboka, na harufu ya karatasi iliyochanganyika na dawa ya mende. Kabla ya hapo kazi yetu ilikuwa nyepesi. Daktari akiandika ugonjwa kwenye faili la mgonjwa, sisi tuliutafuta kwenye orodha fupi iliyobandikwa ukutani, tukaweka alama kwenye mstari wake: malaria, nimonia, kifua kikuu, kuhara, ajali, na mwisho kabisa ule mstari wa wavivu, "mengineyo". Kisha vikaja vitabu vitatu vinene, na kila ugonjwa una herufi yake na namba yake, na chini ya kichwa cha ugonjwa kuna maelezo madogo. Maelezo ya "inahusisha" hayakutusumbua. Yaliyotutoa jasho ni "haihusishi". Yalitaja magonjwa ambayo hutakiwi kuyaandika hapo, na kila moja likaonyeshwa namba ya kwao. Mwezeshaji aliyetoka mkoani, kijana mpole mwenye tai, alitueleza siku nzima na bado tulimtazama tu. Tatizo lilikuwa hili: mara nyingine kitabu kinakataza kwa sababu mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, ukiandika moja umelifuta jingine. Mara nyingine kinasema tu kwamba hili si la hapa, lakini mgonjwa anaweza kuwa nayo yote mawili, basi andika yote, kila moja kwa namba yake. Na kitabu chenyewe hakikusema sasa hivi kinakataza kwa namna ipi.

Mama Kulwa ndiye aliyekuwa kiongozi wetu pale masijala. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini na Kiswahili chenye ladha ya Kisukuma ambacho hakukionea haya. Siku ya pili ya mafunzo aliomba ruhusa akasimama. "Bwana mwalimu, ngoja niwaambie wenzangu kwa lugha ya nyumbani. Kuna haihusishi ya mkwe na kuna haihusishi ya mke mwenza. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe wake wa kiume. Ukimkuta mmoja mle ndani usimtafute mwingine humo, hata kama mvua inanyesha na nyumba inavuja. Mpeleke kwake. Lakini wake wenza, bi mkubwa ana nyumba yake, bi mdogo ana yake. Nyumbani kwa bi mkubwa, bi mdogo hahesabiwi. Ila mume ni mmoja na wote ni wake zake. Sasa mgonjwa akiwa nayo yote mawili, unaandika yote, kila mmoja nyumbani kwake." Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mwezeshaji naye alicheka, akaandika kwenye daftari lake, akasema atakwenda nayo wilaya nyingine. Tangu siku hiyo kazi ikawa inakwenda kwa kupigiana kelele kutoka meza hadi meza. "Jamani, kisukari na mimba, mkwe au mwenza?" Mtu mwingine anafungua kitabu, anasoma, anajibu. Sijawahi tena kufanya kazi katika chumba chenye furaha kama kile.

Kosa letu kubwa lilitokana na mfano huo huo. Kwetu sisi wagonjwa wengi wa kifua walikuwa wachimbaji kutoka migodi ya Geita, watu wa maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, na watu wa karasha, mashine zinazosaga mawe makavu hadi yawe unga. Daktari aliwaandikia wengi wao mambo mawili: kifua kikuu, na vumbi la mawe lililoganda mapafuni. Sisi tukasema hao ni wake wenza, tukaandika vyote viwili, kila kimoja nyumbani kwake, tukajisifu. Mwezeshaji aliporudi kutukagua alitufungulia kurasa. Ukurasa wa kifua kikuu unasema haihusishi kifua kikuu kilichoambatana na vumbi la mapafuni. Ukurasa wa vumbi unasema haihusishi vumbi lililoambatana na kifua kikuu. Kurasa zote mbili zinaonyesha mahali pamoja pembeni, kijistari kimoja kisicho na majirani, herufi J na namba sitini na tano. Mama Kulwa alikisoma kile kijistari kwa muda. "Basi hawa si wakwe wala si wenza," alisema. "Hawa ni bwana na bibi harusi. Wakishakutana, kwao kwa zamani hawahesabiwi tena. Wamejenga." Wote walicheka isipokuwa yeye. Mimi nilijua kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimepanga kwake, mtaa wa Nyasubi, chumba cha uani, na Jumapili ile Baba Kulwa alikuwa amerudi kutoka Geita na begi lake lote.

Nyumba ile ilikuwa na chumba chao, sebule ndogo, na kijumba cha jiko uani karibu na mlango wangu. Mlango wa chumba chao haukuwa na ubao, ulikuwa na lile pazia la kijani. Baba Kulwa nilikuwa nimemjua kama mtu wa kuja na kuondoka. Alikuja na samaki, na kanga za mke wake, na mizaha, akaondoka. Aliniita shemeji, na kila mara aliniuliza nitaolewa lini ili ale pilau. Miaka ya mwanzo alishuka duarani. Baadaye akaingia kwenye karasha na wenzake, na Mama Kulwa alinisimulia kwamba siku moja alimfuata huko Geita akamkuta mweupe kwa vumbi hadi kope, yeye mwenyewe akampita bila kumtambua. Safari hii hakuja na samaki. Aliketi kitandani akiwa ameinamia mito, maana akilala chali pumzi inakata, na kikohozi chake nilikisikia hadi chumbani kwangu kupitia ukuta. Makohozi yalipopimwa yalikuwa na kifua kikuu. Picha ya kifua ilionyesha na hilo jingine. Daktari aliandika yote mawili kwenye faili, kwa mwandiko safi kuliko kawaida yake, kama anayejua nani atalisoma.

Faili hilo lilifika masijala pamoja na mengine, na Mama Kulwa akalichomoa kwenye rundo kabla yangu. Nilimwona akiliandika kwa penseli, na sisi hatukuwahi kutumia penseli. Alipoinuka kwenda kuchota maji nilitazama. Alikuwa ameandika namba ya kifua kikuu peke yake. Nilikuwa kijana na nilikuwa nikiyapenda yale maelezo madogo kama mtu anayependa fumbo, basi aliporudi nikamwambia, "Dada, pale pana haihusishi." Akaketi. "Najua, mdogo wangu. Ni mimi niliyewafundisha." Nikauliza kwa nini basi. Akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Ukurasa huu una dawa," alisema. "Mtu anameza miezi yake, anapona, anarudishiwa kadi. Ule ukurasa mwingine hauna dawa. Nikimwandika kule, nimemwandika kule mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Acha amalize dozi. Nitaangalia tena." Nililiacha. Sikuona kosa kwake na hata leo silioni. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuwa akificha maradhi. Alikuwa akiomba muda, na penseli ndiyo iliyokuwa dua yake.

Kazi Mama Kulwa hakuweza kuiacha, na mgonjwa alihitaji mtu, kwa hiyo mama yake mzazi akaja. Tulimwita bibi. Aliteremka mbele ya nyumba na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na baada ya kupokea shikamoo zetu jambo la kwanza alilouliza ni, "Mkwe wangu amelala upande gani?" Si kwamba alitaka kumwona. Alitaka kujua upande wa kuukwepa. Alitandika mkeka sebuleni akaupa mgongo mlango wenye pazia, na hapo ndipo alipokaa kwa miezi yote ile. Alipika, akatenga chakula cha mkwe wake kwenye bakuli lenye mfuniko, akalisukuma hadi ukingo wa pazia, Kulwa au pacha wake Doto akalipitisha ndani. Akimsikia mkwe wake anajikokota kwenda chooni alijifunika kanga kichwani hadi apite. Nilikulia mahali pengine, na mwanzoni niliona ni mzigo bure, watu wawili wazima katika nyumba moja wasioweza kupeana maji. Baadaye nikaanza kuiona heshima ilivyokuwa nene kati yao, na nikaona pia kwamba ilikuwa na raha yake.

Maana walizungumza, na walizungumza sana. Ila hawakuzungumza wao kwa wao. "Kulwa, mwambie bibi yako mlenda wa leo umenikumbusha kwetu." "Kulwa, mwambie baba yako amalize, bado upo." Watoto wakiwa shule na mimi nikisubiri zamu ya mchana, nilikuwa mjumbe mimi. "Shemeji, muulize huyo mama kama kwao mvua imenyesha." Nami nageuza shingo, namuuliza mtu aliyesikia kila neno, naye ananijibu mimi, na Baba Kulwa anaitikia kule ndani kabla sijafungua mdomo. Na tukiwa hatupo wote, walimtumia paka. Nililishuhudia hilo nikiwa uani nafua. "Paka," sauti ya Baba Kulwa ilisema, polepole kwa sababu ya pumzi, "mwambie mwenye jiko leo nimeweza kulala kidogo." Bibi naye, kwa upole, "Paka, mwambie aliyelala kwamba nimesikia na nimefurahi." Paka mwenyewe alikuwa juu ya ukuta wa jirani. Jioni tulikula michembe kwa chai mkaani, sisi wanawake na watoto, na upande wa pili wa pazia tulisikia kijiko chake kikigonga bakuli, na hiyo ilikuwa namna yetu ya kula pamoja. Nimekula kwenye meza kubwa tangu wakati ule. Sijasahau kile kijiko.

Ikaja habari njema, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Makohozi yalipopimwa tena yalikuwa safi. Mama Kulwa alirudi nyumbani akitembea haraka, akachinja kuku wa bibi, na shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake, akaja kutoka Kalangalala, mjini Geita, alikokuwa na duka la vipuri. Watoto walimwita bamkubwa. Alikaa mlangoni pa chumba, akaangalia kadi ya kliniki, akasema kwa sauti ya furaha, "Kifua kikuu kimetoka. Sasa kula nyama, mdogo wangu, urudi kazini." Mama Kulwa alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alinitazama, nikatazama chini. Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba dawa zimeua wadudu lakini mawe hayatoki. Hakusema. Kuna furaha ambazo mtu hawezi kuzivunja nyama ikiwa mezani. Baba Kulwa alikula vipande viwili, akasema ameshiba, akaomba mito irudishwe.

Siku yenyewe tulikuwa na ukaguzi wa mkoa ofisini. Mama Kulwa hakuweza kutoka, basi mchana akanituma mimi niende Nyasubi nimwangalie mgonjwa. Watoto walikuwa shule. Nilipoingia, bibi alikuwa kwenye mkeka wake anachambua choroko, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuonyesha pazia kwa kidevu: kumekucha vibaya leo. Nikaingia. Baba Kulwa alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito, shati amelivua kwa joto la pumzi, midomo imebadilika rangi, na macho yananitafuta. Nilijaribu kumwinua. Alikuwa amekonda sana lakini mtu anayezama ni mzito, na mimi nilikuwa binti mdogo, kila nikimpandisha anateleza. Nilikuwepo pale, mjumbe wao, ningeweza kutumwa. Angeweza kusema shemeji, mwambie huyo mama atafute jirani. Hakusema hivyo. Aliligeukia pazia, akavuta pumzi mara moja, akaita.

Bibi aliingia. Hakujifunika kichwa. Alipanda kitandani nyuma yake, akakaa na kuegemea ukuta, akamvuta mkwe wake hadi mgongo ule mtupu ukalala kifuani pake, akamzungushia mikono mbele, na alivyokuwa akivuta pumzi zake kubwa nilimwona Baba Kulwa akijaribu kuzifuata. Alimwimbia kitu kwa Kisukuma, sikukielewa, nadhani ni cha kubembeleza watoto. Kichwa cha Baba Kulwa kilitulia shingoni mwake. Pumzi zikawa zinakuja moja moja kwa mbali, kisha hazikuja tena. Bibi aliendelea kumshika kwa muda baada ya hapo. Kisha akaniambia nimsaidie kumlaza, akatafuta shati, akamvisha, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akatoka, akajifunika kanga, akakaa tena kwenye mkeka na kuupa mlango mgongo. "Mayu," aliniambia, kwa neno lile la Kisukuma la mama ambalo wazee huwaita hata mabinti, "watauliza. Sema niliingia. Basi. Usiseme aliniita. Mwanaume amemwita mama mkwe wake akiwa kifua wazi, watu watamvua heshima yake yote wakiisha kusikia. Mke wake asisikie kamwe, maadamu yu hai. Umenielewa?" Nilimwambia nimeelewa.

Siku ya kuanua matanga, ukoo wa mume ulikaa sebuleni, na mkeka wa bibi ulikuwa umesogezwa uani. Bamkubwa alilia kwanza, kilio cha kweli, nisimsingizie. Kisha akaitoa ile kadi. "Mtu alikuwa na kifua kikuu, kadi inasema. Kifua kikuu kikaisha, kadi inasema. Aliyepona hafi. Kilichomuua ni kilichoingia mle ndani kisichotakiwa kuingia." Chumba kizima kilielewa. Mama Kulwa alisimama akasema ni vumbi, vumbi la karasha, lilikuwemo tangu mwanzo pamoja na kifua kikuu, na wala halikutoka. Bamkubwa alimwuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Limeandikwa wapi, shemeji? Wewe ndiye mwandishi wa hospitali. Umeliandika wapi?" Nikasimama mimi, nikasema bibi alimsaidia, mtu alikuwa anakata roho, na mimi nilikuwepo. Mzee mmoja akaniambia, "Binti, wewe ni mpangaji." Nikaketi. Asubuhi iliyofuata bibi alikunja mkeka wake. Mama Kulwa alimshika mkono akimsihi abaki, naye akamwambia nyumba yenye maneno haifagiliki. Hakukanyaga tena Kahama hadi alipokufa. Watoto walikua wakiambiwa na upande wa baba yao kwamba bibi yao ndiye aliyemmaliza, na Mama Kulwa kila mara alijibu lile lile: ni vumbi, na mama aliingia mwenyewe kwa huruma yake. Hakujua zaidi ya hapo, na mimi niliyejua nilikuwa nimeahidi.

Jumatatu ile Mama Kulwa alirudi kazini akiwa na nguo nyeusi. Hakuna aliyepiga kelele ya mkwe au mwenza, na sikumbuki kama mchezo ule ulirudi tena. Alikwenda rafu ya waliofariki, akaleta faili, akafungua kitabu ingawa namba aliijua kwa moyo. Alisoma maelezo ya kifua kikuu, akashuka na kidole hadi kwenye haihusishi, akaenda ukurasa wa vumbi, akasoma na huko, kisha akafika kwenye kile kijistari kisicho na majirani. Alifuta penseli. Alipuliza. "Mama alikiacha kila alichofundishwa akaingia mle ndani," aliniambia bila kuinua uso. "Na mimi naingia." Akaandika J sitini na tano kwa kalamu ya wino, akakandamiza hadi ikachora karatasi ya chini. Halafu akalia, pale pale mezani, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na sisi tukaendelea kufungua vitabu vyetu ili asijione anatazamwa.

Mchele ulipokwisha nilimpeleka Kulwa pembeni, kwenye kivuli cha ghala. Nilimwambia mama yake hayupo tena, kwa hiyo ahadi yangu imefika mwisho. Nikamweleza yote, mito, shati, mikono ya bibi. "Hakuingia tu," nilimwambia. "Baba yako alimwita." Kulwa akauliza, "Alimwitaje? Kupitia wewe?" Nikamwambia hapana, hakupitia kwangu wala kwa paka. Alisema, "Mayu, niinue." Nilikuwa sijayatamka maneno hayo kwa mtu yeyote, na nilivyoyatamka yalitoka na pumzi yake, fupi fupi, sikuweza kuzuia.

Kulwa aliifunga kanga yake upya. Wanawake hatuendi upande wa wanaume msibani, labda kupeleka chakula, lakini alikwenda mikono mitupu, akapita katikati ya viti hadi alipokuwa ameketi bamkubwa, mzee sana sasa, na sahani ya wali magotini. Akapiga goti, akamwamkia, akamsogelea sikioni. Sikusikia neno. Nilimwona mzee akiiweka sahani chini. Alinitazama kutoka kule, mimi mpangaji, kwa muda mrefu, nami nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akainuka kwa kujishikilia begani kwa Kulwa, wakaenda wote wawili hadi makaburini, wakalipita lile bichi tulilotoka kulifukia, wakasimama kwenye la bibi. Mzee alivua kofia. Wanawake waliniita nikapembue maharage, nikaenda.